Handel: Mtunzi wa Haleluya Aliyekula Jasho Lake

Ni nyimbo chache za kigeni zilizoota mizizi katika kwaya zetu kama ule wimbo wa Haleluya uimbwao wakati wa Krismasi na Pasaka. Hata kwaya ndogo ya shamba isiyo na kinanda hujitahidi kuuimba. Sauti ya kwanza hupanda, besi hujibu kutoka chini, na watu husimama. Wengi wanajua kwamba mtunzi wake ni Handel. Wachache wanajua kwamba mtu huyo hakuwa kasisi, na kwamba wimbo huo hakuutunga kwa ajili ya ibada. Alikuwa fundi aliyekula kwa kazi ya mikono yake, na aliutunga katika mwaka ambao kazi aliyoijenga kwa miaka thelathini katika nchi ya ugeni ilikuwa imebomoka mbele ya macho yake.

Tunasimulia maisha yake kwa sababu katika makanisa yetu wako vijana wengi wenye vipawa vya kuimba, kutunga, kuchora na kuchonga, ambao wazee wao huwauliza kila siku watakula nini. Swali hilo si baya. Handel naye aliulizwa na baba yake.

Mtoto wa tabibu

George Frideric Handel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake alikuwa kinyozi na tabibu wa kupasua, maana siku zile kazi hizo mbili zilifanywa na mtu mmoja, na alikuwa amekwisha kufika umri wa miaka 62. Mama yake alikuwa binti wa mchungaji wa Kilutheri.

Yule mzee alikuwa amepanda kwa juhudi zake mwenyewe, na alitaka mwanawe asome sheria. Muziki aliuona kuwa ni mchezo, tena mchezo usiolisha. Yasemekana alikataza ala zote nyumbani, na kwamba mtoto alipata kinanda kidogo chenye sauti ya chini akakificha darini, akawa anajifunza usiku wenzake walipolala. Kinachojulikana kwa hakika zaidi ni kwamba mtawala wa Weissenfels, ambaye baba alimtumikia kama tabibu, alimsikia mtoto akipiga kinanda cha kanisa, akamshauri mzee asikizuie kipawa kile. Mzee alikubali nusu. Mtoto apewe mwalimu wa muziki, lakini shule isiachwe.

Mwalimu huyo alikuwa Zachow, mpiga kinanda wa kanisa kubwa la Halle. Alimfundisha kupiga vinanda na fidla, na alimfanyisha jambo ambalo lilimfaa maisha yake yote: kunakili kwa mkono kazi za watunzi wengi wa nchi mbalimbali, ili ajue kila mmoja anavyojenga wimbo wake. Handel hakumsahau mwalimu wake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtu mkubwa London alimpelekea fedha mjane wa Zachow.

Baba alifariki mwaka 1697, mtoto akiwa hajatimiza miaka 12. Hata hivyo kijana aliheshimu nia ya marehemu, na mwaka 1702 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Halle. Mwaka huohuo alipewa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa kuu la mji, kwanza kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Mwaka huo ulipokwisha aliondoka, akaenda Hamburg.

Njia mbili

Ili tuelewe uzito wa hatua hiyo, inafaa tujue mwanamuziki wa wakati ule aliishije. Alikuwa mtumishi. Alitumikia kanisa, au baraza la mji, au nyumba ya mtawala. Alipewa mshahara, nyumba na kuni, naye alitunga alichoagizwa. Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mwezi mmoja tu baada ya Handel na si mbali na Halle, aliifuata njia hiyo mpaka mwisho. Aliitumikia miji na watawala, na miaka yake 27 ya mwisho aliitumia Leipzig akifundisha watoto wa kwaya na kutunga nyimbo za kila Jumapili. Hiyo ni njia ya heshima, na dunia imeneemeka kwayo.

Handel alichukua njia ambayo ilikuwa haijakanyagwa na wengi. Hamburg palikuwa na jumba la opera, yaani mchezo unaoimbwa wote tangu mwanzo hadi mwisho, ambalo halikuwa la mfalme. Mtu yeyote aliyelipa kiingilio aliingia. Kijana akaanza humo kwa kupiga fidla nyuma ya wenzake, kisha akapanda kwenye kinanda, na mwaka 1705, akiwa na umri wa miaka 19, opera yake ya kwanza ikachezwa. Kwanza nusura asiifikie siku hiyo. Mwezi mmoja kabla aligombana na rafiki yake Mattheson juu ya nani aketi kwenye kinanda, wakatoka nje na panga, na upanga wa Mattheson ukavunjika kwenye kifungo cha koti la Handel. Walipatana baadaye. Lakini hasira ile ilimfuata Handel hata uzeeni.

Mwaka 1703 wawili hao walikwenda mji wa Lübeck, ambako mpiga kinanda mashuhuri Buxtehude alikuwa mzee na nafasi yake ilikuwa inatafutiwa mtu. Ilikuwa kazi nzuri ya maisha. Sharti lake moja lilikuwa mrithi amwoe binti wa Buxtehude. Vijana wote wawili walipiga kinanda, wakasifu, wakashukuru, wakarudi Hamburg.

Mwaka 1706 Handel alikwenda Italia, nchi iliyokuwa mama wa opera, akakaa Florence, Roma, Naples na Venice. Alijifunza jinsi ya kuiandikia sauti ya mwanadamu. Alikaribishwa na makadinali na matajiri, akala mezani kwao, akawatungia, lakini hakukubali kufungwa na mmoja wao. Mwaka 1710 alirudi Ujerumani, akaajiriwa na mtawala wa Hanover kwa ruhusa ya kusafiri. Kabla mwaka haujaisha alikuwa London.

London: faida na hasara

Tarehe 24 Februari 1711 opera yake iitwayo Rinaldo ilichezwa London na kupendwa sana. Akarudi Hanover, akaomba ruhusa tena, akapewa kwa sharti arudi baada ya muda wa kufaa. Hakurudi. Malkia Anne alimwekea posho ya pauni 200 kwa mwaka mwishoni mwa 1713. Mwaka uliofuata Malkia alifariki, na aliyerithi kiti cha Uingereza alikuwa yule yule mtawala wa Hanover, sasa Mfalme George wa Kwanza. Bila shaka Handel alikuwa na la kujieleza, lakini Mfalme hakumlipiza kisasi, bali alimwongezea posho. Pamoja na malipo ya kuwafundisha muziki watoto wa ukoo wa kifalme, alipata pauni 600 kwa mwaka. Hizo zilikuwa nguzo ya maisha yake. Vijana wanaosoma habari hii wasilipite neno hili: Handel hakuruka hewani bila kitu. Alikuwa na kipato kidogo cha uhakika chini ya miguu yake, na juu ya hicho akajenga mambo ya hatari.

Mambo ya hatari yalikuwa opera. Mwaka 1719 matajiri walianzisha kampuni ya opera kwa kuuza hisa, na Handel akawa mkuu wa muziki. Alitumwa ng'ambo kuajiri waimbaji wa Kiitalia, ambao walidai fedha nyingi kuliko mtunzi mwenyewe. Inasimuliwa kwamba mwimbaji mmoja wa kike, Cuzzoni, alipokataa kuimba wimbo aliopewa, Handel alimshika kiunoni akatishia kumtupa dirishani. Akaimba. Wakati huo, mwaka 1720, Handel alipata pia hati ya Mfalme iliyowakataza wengine kuchapa nyimbo zake bila idhini yake kwa miaka 14. Alikuwa amekwisha kutambua kwamba mtunzi asiyelinda kazi yake huwatungia wachapaji.

Mwaka 1723 alihamia nyumba katika mtaa wa Brook, akakaa humo miaka 36 mpaka kufa kwake. Leo nyumba hiyo ni makumbusho. Mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza, na mwaka huohuo akatunga nyimbo nne za kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili. Mmoja wao, unaohusu kuhani Sadoki na kutiwa mafuta kwa Sulemani, umeimbwa katika kila kutawazwa tangu siku ile, hata kule kwa Mfalme Charles wa Tatu mwaka 2023.

Lakini kampuni ya opera ilikuwa inatoboka. Mwaka 1728 kulitokea mchezo wa kuchekesha wa John Gay juu ya wezi na ombaomba wa London, ulioimbwa kwa Kiingereza na kwa sauti za nyimbo ambazo kila mtu alizijua barabarani. Ulichezwa mara 62 katika msimu mmoja. Opera za Handel ziliimbwa kwa Kiitalia, na wasikilizaji wengi hawakukijua. Mwaka huohuo kampuni ikafungwa. Handel hakukata tamaa. Aliungana na mwenye jumba, akaanza upya, safari hii akitia na fedha yake. Mwaka 1733 wakubwa waliomchukia wakaanzisha kampuni nyingine ya kushindana naye, wakamchukulia waimbaji wake, wakamleta na Farinelli, mwimbaji mashuhuri kupita wote wa Ulaya. Mji mmoja haukuweza kulisha opera mbili. Kufika mwaka 1737 zote mbili zilikuwa zimeanguka.

Mwezi Aprili mwaka huo mwili wa Handel nao ulianguka. Alipooza mkono wa kulia, na akili yake ikawa na wingu. Alikuwa na umri wa miaka 52. Alikwenda Ujerumani kuoga katika chemchemi za maji ya moto za Aachen. Yasemekana siku moja alitoka majini, akaenda kanisani, akapiga kinanda kwa namna ambayo watawa wa kike waliomsikia walidhani ni muujiza. Mwisho wa mwaka alirudi London na kuanza kazi.

Kuvunjika kwa koleo

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la Handel lilikuwa opera ya Kiitalia. Alilishikilia mpaka mwaka 1741, opera yake ya mwisho ilipochezwa mara tatu tu. Lakini koleo lingine lilikuwa karibu naye tangu zamani, ila hakuwa amelipa uzito wake.

Mwaka 1732 alikuwa ametaka kucheza jukwaani hadithi ya Esta kutoka katika Biblia, kwa Kiingereza, na watoto wa kwaya ya Mfalme. Askofu wa London, Edmund Gibson, aliyesimamia kanisa la Mfalme, akakataza watoto hao wasiigize. Basi Handel akawasimamisha waimbaji wakaimba tu, bila mavazi ya mchezo wala kuigiza. Watu wakajaa. Hiyo ndiyo oratorio: hadithi, mara nyingi ya Biblia, inayosimuliwa kwa waimbaji na kwaya bila kuigizwa.

Katazo la Askofu likawa baraka ambayo yeye mwenyewe hakuikusudia. Oratorio haikuhitaji mapazia ya kuchorwa, mitambo, wala mavazi ya dhahabu. Haikuwahitaji waimbaji wa Kiitalia wa bei kubwa, kwa kuwa Waingereza waliweza kuiimba. Iliweza kufanywa siku za Kwaresima ambazo opera haikuruhusiwa. Tena iliimbwa kwa lugha ya wasikilizaji. Mwenye duka aliyeijua hadithi ya Sauli au ya kutoka Misri tangu utoto aliweza sasa kuifuata neno kwa neno. Sisi tuliorithi nyimbo kutoka lugha nyingine tunaelewa jambo hili. Mtu huimba kwa adabu katika lugha ya mgeni, lakini hulia katika lugha yake.

Siku 24

Katika kiangazi cha 1741, tajiri mmoja aitwaye Charles Jennens alimpa Handel mkusanyo wa maneno aliyoyachagua kutoka katika Biblia na Zaburi za Kitabu cha Sala, yaliyopangwa kueleza habari za Masihi tangu unabii mpaka ufufuo. Handel alianza tarehe 22 Agosti, akamaliza tarehe 14 Septemba. Ni siku 24 kwa kazi inayochukua zaidi ya saa mbili kuimbwa. Watu wamesimulia mengi juu ya siku hizo, kama kwamba nyimbo zilishuka zenyewe. Hatukatai neema ya Mungu. Lakini neema ilimkuta mtu aliyekuwa akinakili na kutunga tangu utotoni, na baadhi ya sauti alizichukua katika nyimbo zake mwenyewe za zamani na kuzishona upya. Alipomaliza hakupumzika, katika wiki zilizofuata aliandika sehemu kubwa ya oratorio nyingine, ya Samsoni.

Mkuu wa serikali ya Ireland alimwalika Dublin, naye akaenda mwezi Novemba. Huko alianza kwa hesabu nzuri: maonyesho sita yaliyolipiwa kabla, kisha mengine sita. Masihi akaihifadhi kwa shughuli ya sadaka. Kikwazo kilitoka kanisani. Mwandishi Jonathan Swift, Dekano wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, ambaye wakati ule alikuwa mzee na akili yake inadhoofika, alikataza waimbaji wake wasiende. Baadaye ruhusa ilipatikana.

Tarehe 13 Aprili 1742, saa sita mchana, Masihi iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mtaa wa Fishamble. Magazeti yaliwaomba mabibi wasivae sketi zenye pete kubwa na mabwana wasivae panga, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Walibanana kiasi cha watu 700. Mapato, kama pauni 400, yaligawanywa sehemu tatu: hospitali ya Mercer, hospitali nyingine ya maskini, na wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 walilipiwa madeni yao wakatoka. Handel hakuchukua chochote, na waimbaji nao hawakuchukua. Wasomaji wafikiri juu ya jambo hili. Mtu aliyeandamwa na hasara miaka mingi, kazi yake bora alianza kwa kuitoa, na waliofaidika kwanza walikuwa watu waliofungwa kwa kukosa fedha.

Mlango wazi

London haikumpokea hivyo. Masihi ilipoimbwa mwaka 1743 katika jumba la michezo la Covent Garden, baadhi ya Wakristo walilalamika kwamba maneno matakatifu hayafai mahali pa wachezaji, na Handel alilitangaza onyesho hilo kama oratorio mpya takatifu bila kulitaja jina lenyewe. Halikupata watu wengi. Msimu wa 1744 na 1745 alijaribu maonyesho 24 yaliyolipiwa mapema. Baada ya machache aliona viti vitupu, akaandika gazetini kwamba atasimama na kuwarudishia watu sehemu kubwa ya fedha zao. Wengi walikataa kurudishiwa, wakamsihi aendelee, akafika onyesho la 16.

Hapo ndipo alipofanya badiliko ambalo laonekana dogo lakini ndilo lililomwokoa. Mwaka 1747, kwa oratorio yake ya Yuda Makabayo, aliacha kuwategemea wakubwa waliolipia msimu mzima. Akafungua mlango: yeyote mwenye fedha ya kiingilio cha usiku huo na aingie. Wakaja wafanyabiashara, mafundi, Wayahudi wa London waliofurahi kusikia habari za shujaa wao, na wake wa makarani. Kuanzia hapo akiba yake katika Benki ya Uingereza ilipanda mwaka hata mwaka.

Watoto walioachwa

London ya siku zile ilikuwa na watoto wengi walioachwa barabarani na mama waliokosa njia. Baharia mzee, Thomas Coram, alihangaika miaka mingi mpaka mwaka 1739 akapata hati ya kufungua nyumba ya kuwalea, iitwayo Foundling Hospital. Handel aliifanyia onyesho mwaka 1749, akaipa kinanda kwa kanisa lake, na tarehe 1 Mei 1750 akaimbisha Masihi humo. Watu waliokuja walizidi nafasi, wengine wakarudishwa na tiketi zao mkononi, hata ikabidi kurudiwa baada ya wiki mbili. Tangu hapo ikawa desturi ya kila mwaka. Kwa jumla Masihi iliiletea nyumba hiyo karibu pauni 7,000.

Masihi ambayo wakubwa wa dini waliishuku jukwaani ikapata heshima yake katika kanisa la watoto wasio na wazazi. Hata hivyo, wasimamizi wa nyumba walipofikiria kuliomba Bunge liwape wao peke yao haki ya Masihi, Handel alikasirika, na shauri hilo likaachwa. Alikuwa tayari kutoa kwa hiari, kunyang'anywa hakukubali. Katika wasia wake aliwaachia nakala kamili ya kazi hiyo, ili waendelee kuiimba akiwa hayupo.

Yasiyopendeza

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali wa ulimi na mpenda chakula kupita kiasi. Mara nyingi alichukua sauti za watunzi wengine akaziingiza katika kazi zake bila kuwataja, yeye aliyepigania haki ya kazi zake mwenyewe.

Liko na jambo zito zaidi. Vitabu vya makampuni ya wakati ule vinaonyesha kwamba Handel aliwahi kuwa na hisa katika Kampuni ya South Sea, na mwaka 1720 katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika. Makampuni hayo yalifanya biashara ya kuuza Waafrika. Matajiri wengi wa Uingereza walikuwa na hisa hizo na hawakuona aibu. Sisi ambao Kanisa Kuu letu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali pa soko la watumwa, hatuwezi kulipita hilo kimya. Kipawa kinaweza kuwa kitakatifu na mfuko wa mwenye kipawa usiwe safi. Mkristo anayejitafutia riziki hana budi kuuliza fedha inaingiaje na inalala wapi.

Giza na Pasaka

Mwaka 1751, akiwa katikati ya kuandika oratorio ya Yeftha, jicho lake la kushoto lilishindwa, akaandika hivyo pembeni mwa karatasi kwa Kijerumani, lugha ya mama yake. Baada ya miaka miwili alikuwa kipofu kabisa. Hakuacha kazi. Aliongozwa mpaka kwenye kinanda, akapiga kwa kukumbuka au kwa kubuni papo hapo, huku msaidizi wake, Smith, akiongoza wengine. Siku za mwisho alionekana mara kwa mara akisali katika kanisa la mtaa wake, la Mtakatifu George.

Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria Masihi kwa mara ya mwisho. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Aprili, Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 74. Alizikwa Westminster Abbey, na watu kama 3,000 walihudhuria. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Mali yake ilikuwa karibu pauni 20,000. Aliwagawia jamaa zake wa Ujerumani, marafiki na watumishi wake, na pauni 1,000 aliziachia chama cha kusaidia wanamuziki waliofikwa na umaskini, ambacho alishiriki kukianzisha mwaka 1738. Alijua wenzake wangapi walipita njia ile ile wasifike.

Basi, mzazi akimwuliza mwanawe atakula nini kwa muziki, asionekane adui wa kipawa. Maisha ya Handel hayasemi kwamba kila mwenye sauti nzuri ataneemeka. Yanaonyesha mwanafunzi aliyenakili kazi za wengine usiku na mchana, mtu aliyeweka akiba, aliyelinda kazi yake, aliyebadili njia ilipobidi ingawa ilimchukua muda kukubali, na ambaye hakuona kutoa na kulipwa kuwa maadui.

Na sisi makanisani tuna deni letu. Mara nyingi tunamwita mtunzi wa kwaya aje atutungie wimbo wa harambee au wa kumpokea Askofu, kisha tunamlipa soda na shukrani. Wimbo ukipendwa unarekodiwa na wengine, na jina lake halitajwi. Handel alitoa Masihi kwa wafungwa na kwa yatima, naam; lakini aliweza kutoa kwa sababu siku nyingine watu walilipa mlangoni. Pasaka ijayo, kwaya itakapoinuka kuimba Haleluya, wazee wa kanisa na wamtazame yule kijana anayeifundisha, wajiulize yeye amekula nini.